Kuni Zilizokataliwa na Mchwa

Kwetu Likoni mchwa hawana adabu. Walikula fremu ya mlango wa mbele, wakala sanduku langu la harusi pamoja na leso zilizokuwamo, kisha wakapanda mpaka kwenye boriti tukawa tunalala na vumbi linatudondokea usoni. Kwa hiyo mume wangu Bakari alipoleta vile vipande vya nguzo za stima, mbao zenye ukijani uliofifia, na msimu mzima ukapita mchwa hawajavigusa, sote tulifurahi. Mchwa walikuwa wamejenga njia yao ya udongo kutoka ukutani mpaka karibu na rundo. Hapo njia ilipinda, ikalizunguka rundo lote, ikaendelea na safari upande wa pili. Mavyaa wangu, yaani mamake Bakari, aliinama akaitazama njia ile kwa muda mrefu.

"Mti huu una mwenyewe," akasema.

Mimi nikacheka, maana mdomo wangu hauna breki. "Mwenyewe ni mwanao, mama. Kautoa Changamwe kwa mgongo wake mwenyewe."

Naandika haya kwa ajili ya mtu nisiyemjua, ambaye saa hii ameketi kwenye benchi la kliniki ya ini, viganja vimemkauka na jamaa zake wanamnong'onea kwamba kavamiwa na shetani. Mambo ya kidaktari sitayaeleza, si fani yangu. Fani yangu ni mbaazi na mahamri. Lakini kukaa kwenye benchi lile nakujua vizuri, na kuiogopa nyumba yako mwenyewe nakujua zaidi.

Bakari alikuwa kibarua kwenye yadi moja ya nguzo. Vipande vilivyobaki vilikuwa vikitupwa, na mwenye yadi hakujali nani anachukua. Vilivyonyooka alinijengea banda la jiko uani. Vilivyopasuka vikawa kuni, na kwa miaka kadhaa sikununua kuni tena. Kila alfajiri nilikuwa nakaa mbele ya moto ule, nageuza mahamri, macho yananiwasha, na majirani wakija na vibakuli vyao wananikuta nimekwishafunikwa na moshi. Zilikuwa kuni nzuri, zinashika upesi, ila ndimi za moto pembeni zilikuwa za kijani. Pia jiko lilikuwa likinuka kitunguu saumu hata siku ambayo saumu haikuingia nyumbani. Nikaona ni harufu tu ya mbao za watu wa bara.

Ugonjwa wenyewe ulinianzia miguuni, wakati wa kaskazi. Ganzi ilianza kwenye vidole, ikapanda mpaka nikawa navaa ndala na sijui kama nimezivaa. Viganja vikaota vipele vigumu, nikimshika mtoto wa jirani shavuni analia. Kifuani na mgongoni ngozi ikafanya madoa meusi na meupe, kama vumbi la barabarani lililodondokewa na manyunyu ya kwanza. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Chakula nilichokipika kwa mikono yangu kilikuwa kikinichefua kabla sijakionja.

Ramadhani ile, tumekaa kufuturu, Bakari alinusa karibu na uso wangu akarudi nyuma.

"Umekula kitunguu saumu mchana?"

"Nimefunga kama wewe, Bakari. Usinitafutie dhambi."

Lakini hata mimi niliisikia harufu. Ilikuwa inatoka ndani ya pumzi yangu. Nikapiga mswaki kwa mti mpaka ufizi ukatoka damu, na ile harufu ikabaki pale pale.

Kwenye zahanati nilipewa dawa za malaria, nikapewa za homa ya matumbo, nikapewa za vidonda vya tumbo. Siwalaumu sana, maana foleni ilikuwa inafika getini na kila mtu kabeba lake. Ninalokumbuka ni bibi mmoja tuliyekaa naye benchi moja. Tulizungumza vizuri mpaka nilipotoa mikono kwenye buibui kupokea kadi yangu. Aliitazama, akajisogeza, akajisogeza tena, mpaka akawa amekaa ukingoni kabisa. Akaniambia "Mungu akusitiri" huku anaangalia kwingine.

Kisha mbuzi wetu akafa. Alikuwa na mchezo wa kulamba jivu nililokuwa namwaga nyuma ya jiko, naye alilipenda kama chumvi. Siku moja tulimkuta amelala kwenye lile jivu, ulimi nje, mate yanamtoka, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha. Kuku nao wakafuata, mmoja mmoja, wale waliokuwa wanaparuza hapo. Mavyaa alikusanya manyoya, akayazika, akanawa, akaja kuketi kitandani kwangu.

"Mwanangu, hii si homa," akasema. "Kuna kitu kimeingia humu ndani. Kinakuja na moto. Na kimekuchagua wewe."

Yaweke kichwani maneno yake hayo matatu, kwa sababu nitayarudia.

Mavyaa hakuwa mganga wala hajapata kujiita hivyo. Alikuwa mwanamke wa mjini aliyejua buhuri, yaani kumfukiza mgonjwa kwa moshi wa ubani, kama walivyojua mama zake, na mikono yake ilikuwa myekundu kwa hina mwaka mzima, kucha zote kumi. Aliniogesha, akanipaka mafuta ya nazi, akamwambia Bakari alete kombe kwa maalim, aya zilizoandikwa kwenye sahani zikaoshwa kwa maji, nikanywa. Hali ilipozidi alikwenda penye rundo la kuni na panga, akachonga vipande vyembamba vya mti wa kijani, akavitia kwenye chetezo, kile chombo cha makaa, juu ya ubani na udi.

"Mchwa ni jeshi," akanieleza kwa utulivu. "Wamekula nyumba ya babake Bakari, wamekula mpaka jeneza la msikitini. Huu hawakuugusa. Kitu kinachoogopwa na jeshi hilo, shetani gani atakistahimili?"

Ukimsikiliza, maneno yake yalikuwa na akili.

Alinikalisha kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, chetezo katikati ya miguu yangu, akanifunika leso juu ya leso na blanketi juu yake. Halafu akaingia na yeye, kwa sababu kwao mgonjwa hafukizwi peke yake, anaweza kuvutwa na shetani. Akanikumbatia kwa nyuma, kifua chake mgongoni kwangu, anasoma. Giza la mle ndani lilikuwa na rangi. Makaa yalikuwa mekundu, na juu ya makaa kulikuwa na ule ukijani unaotembea. Saumu ikajaa mpaka machoni. Tulifanya hivyo kila Jumatatu na kila Alhamisi baada ya alasiri, na kila tulipomaliza nilitapika nikatetemeka, naye akanifuta mdomo kwa ncha ya leso yake.

"Anatoka," alikuwa akisema. "Hawezi kutoka bila kupigana."

Nilimpenda kwa hilo. Mume wangu wakati huo alikuwa amehamia chumba kingine, anasema ni kwa ajili ya joto. Aliyenigusa alikuwa mavyaa peke yake.

Masika yalipoanza, ndugu zake Bakari walikaa barazani, na mvua haikuwa na kelele ya kutosha kuyaficha maneno yao. Nipelekwe kwetu nikapumzike. Kila mwanamke anajua kupumzika huko maana yake nini. Nikafungiwa virago, nikapelekwa kwa mama yangu, ndani huko Kwale, ambako tunapikia makumbi ya nazi.

Huko nikapona. Wallahi, sikutumia dawa yoyote. Kichefuchefu kiliondoka kwanza, kisha harufu, kisha nikaomba ugali. Mama yangu akasema yule mgeni kabaki Likoni. Nikarudi kwa mume wangu nimenenepa kidogo, nimebeba mihogo, na kabla mihogo haijaisha nilikuwa nimelala tena kwenye kitanda kile kile. Kipupwe nikaenda kwetu kwenye matanga ya mjomba, nikakaa mpaka arobaini, nikapona tena. Nikarudi, na kile kitu kikarudi.

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Maradhi ya kawaida unatembea nayo popote. Haya yalikuwa yakinisubiri nyumbani. Nilikuwa nikifika kwenye kona ya njia yetu, kabla sijaona paa, naisikia saumu, na miguu yenyewe inakataa kuendelea. Nilikuwa nasimama pale na mzigo kichwani, watu wananisalimia, naitikia, na moyo wangu unaniambia kuna kitu mle ndani kinachonijua kwa jina. Nikiingia, mavyaa ananipokea kwa furaha, anawasha chetezo.

Siku niliyotapika damu tulikuwa ndani ya leso. Nilidhani ni kichefuchefu cha siku zote. Kikaja cheusi, kisha chekundu, kikajaa mapajani mwangu. Sikumsikia mavyaa akilia. Nilimsikia akiita "Bakari, Bakari," kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Tukavushwa kwa feri nimelazwa kwenye gari la jirani, na watu wa feri wakatupisha mbele, Mungu awalipe.

Hospitalini walinipitishia mpira kooni wakafunga mishipa iliyokuwa imepasuka. Ini langu, walisema, limekakamaa ndani, damu haipiti inavyotakiwa, kwa hiyo imetafuta njia kooni. Wakaniuliza kuhusu pombe. Nikawauliza kama wamewahi kumwona mtu mwenye buibui kama langu kwenye baa. Muuguzi mmoja akacheka mpaka akashika kitanda, na kicheko chake kilinifaa kuliko dripu.

Daktari aliyenishughulikia alikuwa binti mdogo, mtulivu. Siku ya pili alivuta kiti, akaishika mikono yangu bila glavu, akazitazama kucha. Mimi nilikuwa nimekwishaviona vile vimistari vyeupe vinavyokata kucha kwa upana, nikavidharau.

"Bi Mwanasha," akaniambia, "hapa uliumwa. Hapa palipo safi ulipata nafuu. Hapa ukaumwa tena. Halafu nafuu, halafu tena. Hapa palipo safi ulikuwa wapi?"

Nywele zilizobaki zikanisimama. Safari zangu zote za kwetu zilikuwa zimeandikwa kwenye vidole vyangu, na mimi nimezibeba pote sina habari.

"Nilikuwa kwetu," nikasema.

Akachukua mkojo, akachukua vipande vya kucha, vikapelekwa mbali. Majibu yalichelewa. Wakati nasubiri, alikuwa akipita na maswali yake. Maji mnachota wapi? Unakunywa mitishamba gani? Kazi yako ni nini? Alikuwa bado anauliza siku mavyaa alipoingia wodini na fundo kwenye leso yake. Alisalimiwa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa. Daktari alipouliza kama kuna moshi wowote nyumbani, mavyaa hakuficha chochote, kwa sababu kwake hakukuwa na la kuficha. Alifungua fundo. Alikuwa amekuja na vipande vile vyembamba vya kijani, akitumaini kupata kona ya kunifukiza.

"Dawa yake ni hii," akasema. "Akiikosa ndio unaona hivi."

Daktari akakichukua kipande kimoja, akakigeuza dirishani, akakinusa. Akauliza umetoka mti gani. Mavyaa akamwambia, nguzo za stima, na habari ya mchwa akamwambia. Daktari akakirudisha juu ya shuka taratibu, akasimama, akaenda kwenye sinki akaosha mikono. Aliosha muda mrefu. Mavyaa akamtazama akiosha.

Nguzo zile hutiwa dawa ili mchwa wasile, akatueleza aliporudi, na ndani ya dawa hiyo mna sumu iitwayo aseniki. Ukikaa na mti umesimama, hauna neno kubwa. Ukiuchoma, sumu inaondoka na moshi na nyingine inabaki kwenye jivu. Niliivuta nikipika, kisha nikafunikwa nayo nikafukizwa. Ikiingia mwilini, ini ndilo linaloipokea, linaibadilisha ili itoke na mkojo. Lakini katikati ya kubadilishwa, kabla haijawa laini, huwa kali kuliko ilivyoingia, na ini lenyewe ndilo linaloumia. Mimi nililielewa hilo upesi, kwa kuwa ni mpishi. Walaji wanaondoka na mahamri, na moshi unabaki kwa aliyepika.

Mavyaa aliuliza swali moja. "Na mimi nilikuwa ndani ya leso ile ile. Mbona sikuumwa?"

"Maini ya watu hayafanani, bibi. Lako huenda linamaliza kazi yake haraka, la mkweo linakwama njiani. Na yeye amevuta miaka. Lakini na wewe tukupime. Hebu nione mikono."

Mavyaa akaikunja mikono ndani ya leso. "Mimi mzee. Sumu gani itanitaka mimi."

Akakusanya vipande vyake, daktari akamwambia aviache, akaviacha. Alifika mlangoni akageuka, akasema maneno ambayo hayakuwa swali. "Basi ni mimi."

Wacha niseme ukweli, nilimchukia. Nililala wodini nikimkumbuka akinifuta mdomo, na kumbukumbu ile ile iliyokuwa inanifariji ikawa inanitia baridi. Halafu nikakumbuka maneno yake matatu. Kuna kitu ndani. Kinakuja na moto. Kimekuchagua wewe. Hakuna hata moja alilokosea.

Majibu yalirudi wakati wa vuli, yakasema kile kile. Nilipotolewa, sikukubali kurudi mpaka jiko livunjwe. Watu wa afya walikuja na glavu na barakoa, wakabeba kuni zote, wakakwangua na udongo wa jivu, majirani wamejaa uani. Majirani hao hao walikuwa wamekula mahamri yangu miaka yote, nikawasihi wakapimwe, baadhi walikwenda. Bakari alinunua jiko la gesi. Siku hizi akitoka kazini hunawa nje, mpaka kwenye viwiko, ndipo aingie. Hajawahi kuniomba radhi kwa maneno, ila amerudi chumbani kwetu, na joto halijapungua.

Dawa ya kuitoa sumu yote kwa siku moja hakuna, dada yangu. Dawa kubwa ni kuukimbia moshi. Nilirudi kufungwa mishipa vuli ilipokwisha, nikarudi tena, na kila mara nikikaa kwenye benchi lile nilitazama kucha zangu. Mistari ilikuwa inasogea mbele, taratibu kuliko jua la ukutani. Niliikata mmoja mmoja ilipofika nchani. Ganzi ilishuka kutoka magotini mpaka vifundoni na hapo ikaweka kambi, bado ipo. Nywele zimerudi, za mtoto. Siku moja nilitamani mbaazi, nikalia kwa furaha kama mjinga.

Mavyaa alihamia chumba cha nyuma. Uji aliupika kila asubuhi akauweka mlangoni pangu, akagonga, akaondoka. Hakunigusa tena. Hina hakupaka tena, hata sikukuu. Na mikono yake daima ilikuwa ndani ya leso, hata joto likiwa la kuchoma.

Kaskazi iliporudi, mstari wa mwisho ulifika nchani. Ilikuwa asubuhi ya kliniki, nimekaa kwenye mkeka barazani. Mavyaa akatoka na wembe na karatasi, kwa kuwa kwetu kucha hazitupwi ovyo, huzikwa, zisije zikaokotwa na wabaya.

"Huu nikukate mimi," akasema, na hakungoja jibu.

Akaishika mikono yangu. Akakata kidole cha kwanza, cha pili. Mimi nilikuwa natazama mstari wangu ukianguka kwenye karatasi, halafu nikatazama vidole vilivyoshika wembe. Hina ya zamani ilikuwa imesukumwa mbele na kucha mpya, imebaki nchani kidogo tu. Na nyuma ya hina, katikati ya kila ukucha, kulikuwa na mstari mweupe, kwenye vidole vyote. Kucha za wazee hukua polepole, kwa hiyo wake ulikuwa bado una safari.

"Mama," nikamwambia. "Hii tangu lini?"

"Tangu hina ilipoanza kusogea."

"Na miguu?"

Akaendelea kukata. "Miguu siisikii."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, Mwanasha? Wewe unatapika damu na chetezo nilishika mimi. Nilipouona nikasema, afadhali. Imenichagua na mimi."

Nikamnyang'anya wembe. Nilikuwa na hasira, na haikuwa ile ya wodini. Nilimwambia akavae buibui. Akaniuliza kucha hizi tuzizike wapi, maana udongo wa uani alikuwa anauogopa sasa. Nikaikunja karatasi nikaitia mkobani mwangu, nikamwambia vaa, mama, tunachelewa feri.

Tulikaa kwenye benchi. Mwanamke wa upande wa pili aliiona mikono yetu, akajisogeza kidogo. Nikamsalimia kwa sauti, nikamuuliza habari za nyumbani, mpaka akaona haya akarudi alipokuwa. Mavyaa alikuwa ameificha mikono yake. Nikaingiza mkono wangu ndani ya leso yake, nikaitoa miwili, nikaiweka juu ya mapaja yake, wazi, nikaishika isirudi.

Muuguzi akatokea na kadi mpya, akaita, "Mwanahamisi."

"Abee," akajibu mavyaa, akainuka, na mkono wangu hakuuachia.